Hesabu za Mpira wa Kikapu na Waliosahauliwa Nazo

Mwishoni mwa mwaka 1891, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, mwalimu mzaliwa wa Kanada aitwaye James Naismith alipewa na mkuu wa chuo chake kazi iliyokwisha kuwashinda wenzake wawili, nayo ni kuwashughulisha ndani ya ukumbi, wakati wa majira ya baridi, vijana watukutu waliochoka na mazoezi ya viungo. Akaandika kanuni 13. Mtunzaji wa jengo akamletea vikapu viwili vya mafyulisi, vikapigiliwa misumari kwenye roshani. Wakaingia vijana 18, tisa kila upande, na mchezo ulipokwisha lilikuwa limepatikana bao moja tu, la kijana William Chase. Vikapu vilikuwa na vitako, hata mpira ulipoingia ilibidi mtu apande kuutoa. Mchezo wa namna hiyo haukuwa na haja ya karani wa mezani: aliyefunga alijulikana, na waliokosa walikuwa wote waliobaki.

Haja ya karani ilikuja pamoja na tiketi na mishahara. Ligi ambayo leo ulimwengu huijua kwa jina la NBA ilianza mwaka 1946 kwa jina la BAA, ikianzishwa na wenye kumbi za mchezo wa magongo ya barafu ambao hawakupenda kuona viti vyao vikikaa vitupu nyakati za usiku, na tangu msimu wake wa kwanza ilikuwa na daftari, ingawa daftari lenyewe lilikuwa jembamba mno: mitupo iliyotupwa na iliyoingia, mitupo ya adhabu, asisti (yaani pasi za kufungisha), makosa na pointi. Kwa hesabu hizo mtu aliyevikwa taji alikuwa Joe Fulks wa Philadelphia, aliyefunga pointi 1,389, yaani wastani wa 23.2 kwa mchezo, ilhali aliyemfuata, Bob Feerick wa Washington, alipata 16.8 tu. Lakini daftari hilo hilo jembamba lilikuwa na mbegu ya ubishi wote uliokuja baadaye, kwa kuwa Fulks alitupa mara 1,557 na kuingiza 475, ambayo ni kama asilimia 30, na Feerick, kwa asilimia 40, aliwapita wachezaji wote wa ligi kwa shabaha. Msomaji wa leo akiona asilimia 30 hucheka. Naye asicheke upesi, maana ligi nzima mwaka ule haikufikia asilimia 28, na Fulks, aliyedhaniwa kuwa mbadhirifu wa mipira, alikuwa na shabaha kuliko mchezaji wa kawaida wa zama zake. Timu ya Feerick ilishinda michezo 49 kati ya 60. Ubingwa ukaenda kwa timu ya Fulks. Basi tangu mwanzo kabisa palikuwa na wanaume wawili, mmoja mwingi wa pointi na mwingine mwingi wa ufanisi, na kila upande una hoja yake mpaka hivi leo.

Safu za daftari ziliongezwa kwa mwendo wa kobe. Ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa, zilianza kuandikwa msimu wa 1950-51. Dakika za kila mchezaji zikaanza mwaka uliofuata. Jambo lililopindua hesabu zote, hata hivyo, lilitoka kwenye saa. Mnamo Novemba 1950 timu ya Fort Wayne iliifunga Minneapolis kwa pointi 19 kwa 18, baada ya kuushika mpira tu bila kutupa, kwa hofu ya jitu la Minneapolis, George Mikan, ambaye peke yake alifunga 15 kati ya hizo 18. Watazamaji hawakununua tiketi waje kuona watu wakikumbatia mpira. Mwaka 1954 Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, akachukua sekunde 2,880 za mchezo mzima, akazigawanya kwa mitupo 120 aliyoona ni kiasi cha mchezo unaopendeza, akapata sekunde 24, na ikawa kanuni kwamba kila timu itupe mpira kabla sekunde hizo hazijakwisha. Wastani wa pointi wa kila timu, uliokuwa 79.5 kwa mchezo, ukapanda msimu ule ule kufikia 93.1, na kufikia msimu wa 1961-62 ulikuwa 118.8. Anayelinganisha pointi za mtu wa 1953 na za mtu wa 1962 bila ya kuikumbuka saa ya Biasone hulinganisha michezo miwili iliyo mbalimbali.

Msimu huo wa 1961-62 unastahili kutazamwa kwa utulivu, kwani sijui msimu mwingine uliojaza daftari kiasi kile na kuwaacha watu wakiwa bado hawajaafikiana. Wilt Chamberlain wa Philadelphia alifunga wastani wa pointi 50.4, akadaka ribaundi 25.7, na akacheza wastani wa dakika 48.5 katika mchezo wenye dakika 48, kwa sababu ya nyongeza za muda. Msimu mzima alikosa kama dakika nane tu, tena kwa kutolewa uwanjani na mwamuzi. Oscar Robertson wa Cincinnati naye alipata wastani wa pointi 30.8, ribaundi 12.5 na asisti 11.4, jambo ambalo halikurudiwa na mtu yeyote kwa zaidi ya nusu karne. Na usiku wa tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, jimbo la Pennsylvania, mji unaojulikana zaidi kwa chokoleti kuliko kwa michezo, Chamberlain aliifunga New York pointi 100, akiingiza mitupo 36 kati ya 63, na mitupo ya adhabu 28 kati ya 32, yeye ambaye maisha yake yote alichekwa kwa kutoiweza mitupo hiyo.

Waliokuwamo ukumbini walikuwa 4,124. Hapakuwa na televisheni, na picha ya kumbukumbu tuliyonayo, ya Chamberlain ameketi katika chumba cha kubadilishia nguo ameshika kipande cha karatasi kilichoandikwa tarakimu 100, isingalikuwapo lau si Harvey Pollack, mwandika hesabu wa timu, aliyeichukua karatasi akaiandika kwa mkono wake, na mpigapicha Paul Vathis, aliyekuja usiku ule kama mtazamaji tu pamoja na mwanawe. Huyo Pollack ni mtu wa kukumbukwa. Aliingia katika kazi ya ligi msimu wake wa kwanza kabisa, akadumu nayo mpaka alipofariki mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 93, na katika miaka hiyo yote aliyahesabu kwa hiari yake mambo ambayo ligi haikumwomba kuyahesabu. Usiku wa Hershey alikuwa akiandika hesabu za mchezo na papo hapo akiyapelekea habari magazeti na mashirika ya habari, na kama si kalamu yake tungalibaki na masimulizi matupu.

Sasa sikiliza hukumu ya msimu ule. Tuzo ya mchezaji bora zamani zile ilipigiwa kura na wachezaji wenyewe, si waandishi, na wachezaji hao, waliosukumana na Chamberlain mbavu kwa mbavu na kumwona Robertson kwa macho yao, walimchagua Bill Russell wa Boston, aliyefunga wastani wa pointi 18.9. Msomaji wa tarakimu peke yake huona ni dhuluma. Lakini Boston ilishinda michezo 60 na Philadelphia 49. Na timu hizo zilipokutana katika mchezo wa saba wa fainali ya Mashariki, Boston ilishinda 109 kwa 107 kwa mtupo wa Sam Jones zikiwa zimebaki sekunde mbili. Kazi ya Russell ilikuwa kuwafanya wapinzani watupe pale wasipopenda kutupa. Alipozuia mtupo aliugusa mpira kwa ncha za vidole ili ubaki ndani ya uwanja, auchukue mwenziwe wakimbie nao, badala ya kuupiga mpaka kwa watazamaji ili ashangiliwe. Hakuna safu ya daftari la mwaka 1962 iliyoweza kuupokea mguso huo, wala mtupo ambao mpinzani aliamua kutoutupa baada ya kumwona Russell amesimama chini ya kikapu. Mimi kura yangu ningempa Russell. Na anayempa Chamberlain simwiti mjinga, maana pointi 50.4 hazipatikani kwa bahati.

Ligi yenyewe ilichelewa kutambua upungufu huo. Msimu wa 1973-74 ndipo zilipoanza kuandikwa bloku na mipira inayopokonywa, na ribaundi zikatenganishwa za kushambulia na za kulinda. Na mara tu kalamu ilipoelekezwa huko, Elmore Smith wa Los Angeles akazuia mitupo 17 katika mchezo mmoja, idadi ambayo haijapitwa. Mipira inayopotezwa na kila mchezaji ikaanza kuhesabiwa 1977-78, na mtupo wa pointi tatu ukaingia 1979-80. Hapo daftari likawa limetimia, au watu walidhani hivyo, na wenye kupenda hesabu wakaingiwa na tamaa ya kuzikusanya safu zote katika tarakimu moja itakayosema fulani ni bora kuliko fulani.

Martin Manley, katika miaka ya 1980, alitoa kanuni nyepesi ambayo ligi iliichukua ikaitumia: jumlisha pointi, ribaundi, asisti, bloku na mipira iliyopokonywa, toa mitupo iliyokosa na mipira iliyopotea, gawanya kwa idadi ya michezo. Wepesi wake ndio ila yake. Mchezaji akitupa mara tatu, akaingiza mmoja wa pointi mbili na kukosa miwili, kanuni humpa mbili na kumnyang'anya mbili, awe hana faida wala hasara. Kwa hiyo yeyote anayeingiza zaidi ya theluthi moja ya mitupo yake, shabaha ambayo kocha yeyote angeionea haya, huzidi kupanda daraja kwa kadiri anavyozidi kutupa. John Hollinger, mwandishi aliyekuja na kanuni ndefu zaidi mwanzoni mwa karne hii, ile iitwayo PER, alirekebisha mambo mengi: akagawanya kwa dakika badala ya michezo, akaizingatia kasi ya kila timu, akauweka wastani wa ligi kuwa 15 kila msimu ili zama zipate kulinganishwa. Hata hivyo wakosoaji walimwambia kwamba mizani yake nayo ingali inawapendelea watupaji wengi, na kwamba ulinzi umeingia humo kwa mlango wa bloku na mipira iliyopokonywa tu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kila mtunga kanuni hutazama kwanza kama mchezaji ampendaye yuko juu ya orodha, na asipomwona, huirudia kanuni.

Dean Oliver, ambaye kitabu chake kilitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambaye timu ya Seattle ilimwajiri mwaka 2004, alishika njia nyingine, iliyokwisha kukanyagwa na kocha Dean Smith tangu miaka ya 1950: kuhesabu kwa zamu za kuumiliki mpira, kwa kuwa timu mbili katika mchezo mmoja hupata zamu karibu sawasawa, na swali ni kila moja imevuna nini katika zamu zake. Kwa jicho hilo msimu wa 2000-01 ulizusha ubishi mkali. Allen Iverson wa Philadelphia alifunga wastani wa pointi 31.1 na kutwaa tuzo ya mchezaji bora, huku akiingiza asilimia 42 tu ya mitupo yake. Wenye mizani wakapiga kelele, na wenye macho wakajibu kwamba timu ile haikuwa na mtu mwingine wa kuubeba mzigo wa kutupa. Kwangu mimi pande zote mbili zilimsahau mzaliwa wa Kinshasa, Dikembe Mutombo, aliyeletwa katikati ya msimu kutoka Atlanta, akaongoza ligi kwa ribaundi 13.5 na kupata tuzo ya mlinzi bora kwa mara ya nne. Iverson aliweza kukosa mara kumi na nne usiku mmoja na timu ikashinda, kwa sababu upande wa pili wa uwanja alisimama mtu ambaye hakuruhusu mambo mepesi.

Hapa ndipo habari hii inapowagusa wasomaji wa Afrika Mashariki kwa karibu. Juni 2009 kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa sentimita 221, aliyeanza kuushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya na timu ya Memphis, akawa Mtanzania wa kwanza katika ligi ile. Wa tatu aliitwa James Harden, na wa saba Stephen Curry. Chuoni Connecticut, katika msimu wake wa mwisho, alizuia mitupo 4.2 kwa mchezo. Msimu wake wa kwanza Memphis alipewa dakika 13 kwa mchezo, akapata pointi 3.1, ribaundi 3.6 na bloku 1.3, na Februari 2010 alishushwa ligi ya chini, jambo ambalo hadi wakati huo halikuwa limewahi kumfika mteule wa daraja la juu namna ile. Vijiwe vya Dar es Salaam viligawanyika, wengine wakisema ameonewa, wengine wakimlaumu kana kwamba ameliuza taifa. Lakini chukua kalamu ugawanye: bloku 1.3 kwa dakika 13 ni moja kila dakika kumi, na Mutombo katika maisha yake yote ya mchezo alizuia moja kila dakika kumi na moja hivi. Kwa mizani ya dakika, basi, Thabeet hakuwa chini ya Mutombo! Ni wazi kwamba hesabu hiyo ina walakini. Haisemi kwamba bloku hizo zilipatikana katika vipande vifupi, wala haisemi wapi alisimama pale mpira ulipozungushwa upande wa pili, wala haisemi kwamba mbele yake katika nafasi ya senta alikuwapo Marc Gasol, mlinzi asiyeruka sana lakini anayejua kila mtu wa upinzani anataka kwenda wapi.

Februari 2011 Memphis ilimpeleka Thabeet Houston pamoja na mwenziwe na haki ya uteuzi wa baadaye, ikamchukua Shane Battier na kijana mwingine. Battier huyo, miaka miwili kabla, alikuwa ameandikwa na Michael Lewis katika jarida la New York Times kuwa nyota asiye na takwimu: hafungi sana, hadaki sana, hazuii sana, ila akiwa uwanjani wenzake huwa bora na wapinzani huharibikiwa, na tofauti ya pointi za timu akiwamo na akiwa nje huonyesha hivyo. Alipomlinda Kobe Bryant hakuupapia mpira. Aliusukuma mwendo wake kuelekea pembe ambazo hesabu za Houston zilionyesha Bryant hana shabaha nazo, kisha akamwekea kiganja usoni asione kikapu. Mnamo Aprili 2011, katika mchezo wa kwanza wa mtoano ugenini San Antonio, Battier alitupa pointi tatu zikiwa zimebaki chini ya sekunde thelathini, Memphis ikashinda 101 kwa 98, nayo ikapata ushindi wake wa kwanza wa mtoano tangu iundwe, baada ya kushindwa mara 12. Sisi tuliompenda Thabeet tuliutazama mtupo ule kwa moyo mzito, na haki ya Battier hatuwezi kuificha.

Mwishoni mwa 2012 timu hiyo hiyo ya Memphis ilimwajiri Hollinger, mwenye kanuni ya PER, kuwa miongoni mwa wakuu wake. Wiki chache baadaye ikamtoa Rudy Gay, mfungaji wake mkubwa, ambaye wenye mizani walimlaumu kwa kutupa sana na kuingiza haba, na mwisho wa msimu ikafika fainali ya Magharibi kwa mara ya kwanza. Msimu huo Gasol alipewa na waandishi tuzo ya mlinzi bora wa ligi nzima. Makocha, waliopiga kura zao peke yao kuchagua kikosi cha ulinzi, wakamweka katika kikosi cha pili. Mtu mmoja, msimu mmoja, ni mlinzi bora kuliko wote na papo hapo si mlinzi bora wa nafasi yake!

Msimu wa 2013-14 kumbi zote za ligi zilitundikwa kamera juu ya dari, ambazo wakati huo zilimfuata kila mchezaji mara 25 kwa sekunde, na sasa yaandikwa hata masafa aliyokimbia mtu na umbali wa mlinzi wakati wa kutupa. Ni faida kubwa, na mwandishi asiyezitumia amejinyima. Lakini hizo nazo zimechaguliwa na watu, na wapo wachezaji wa leo ambao kazi yao haijapata kamera yake. Kwa hiyo wewe unayejiandaa kubishana msimu huu utakapokwisha, kabla ya kunukuu tarakimu yoyote, uliza ilianza kuandikwa lini na nani aliyeanza kuiandika. Orodha rasmi ya waliozuia mitupo mingi inaongozwa na Hakeem Olajuwon kwa 3,830, akifuatwa na Mutombo kwa 3,289. Bill Russell, aliyestaafu mwaka 1969 akiwa na ubingwa 11 katika misimu 13, hana hata bloku moja humo.